Mkono Ukiondoka Begani

Mume wangu akishaupiga mpira wa gofu, neno lake lilikuwa moja tu: "Niambie." Hakuuliza kama ameupiga vizuri. Hilo alilijua kwa mikono yake kabla mpira haujapanda. Alitaka kujua umekwenda wapi, umepita juu ya nini, umeangukia kwenye majani ya namna gani. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa sababu yeye alikuwa haoni. Sasa hayupo wa kuniuliza, na nimegundua kwamba nisipoulizwa naanza kusahau. Ndiyo maana naandika.

Watu walimwita Mwalimu, na mimi pia nilimwita hivyo, hata nyumbani. Alifundisha jiografia sekondari mpaka macho yalipomkatalia. "Nimekuoa, tumezaa, bado mimi ni Mwalimu?" alikuwa akilalamika. Nami namjibu, "Ukiacha kufundisha nitaacha kukuita." Hakuacha. Ukimwomba chumvi mezani, anakupa pamoja na ziwa ilikotoka.

Ugonjwa wenyewe ni ule wanaouita presha ya macho. Haukuuma. Ulianza kumla pembeni, akawa anagonga miimo ya milango kwa bega, tukacheka, tukasema ameanza kunenepa. Tulipofika hospitali, daktari alisema kilichokwenda hakirudi, tukilinde kilichobaki. Kilichobaki nacho kikaenda, polepole, kama taa inayopunguzwa na mtu asiye na haraka.

Kabla ya hapo, kila Jumamosi alikuwa uwanjani. Si uwanja wa kifahari. Una mashimo tisa, uko pembezoni mwa mji, majani yake hugeuka manjano wakati wa kiangazi, na jengo la klabu ni chumba kimoja chenye viti ambavyo hakuna kinachofanana na mwenzake. Wenye maduka wamo, manesi wamo, watu wa benki na wastaafu wamo. Rafiki yake mfamasia ndiye aliyempeleka mara ya kwanza, tukiwa bado hatujapata mtoto, na tangu hapo ukimtaka Mwalimu Jumamosi asubuhi ulijua pa kwenda. Macho yalipokwisha, aliuweka mfuko wa fimbo nyuma ya kabati la nguo. Hatukuuzungumzia. Nikifagia nausogeza, nikimaliza naurudisha.

Siku moja redio ikasema kwamba wapo watu wasioona wanaocheza gofu, na kwamba sheria za mchezo zinamruhusu mtu wa namna hiyo awe na msaidizi wa kumpanga mbele ya mpira. Nilikuwa kwenye chumba changu cha kushonea, maana mimi ni fundi wa mapazia. Nikasikia fimbo zinagongana kule chumbani, kisha yeye akaja anapapasa ukuta mpaka mlangoni kwangu.

"Unajua kusimama nyuma ya mtu?" akaniuliza.

"Nimesimama nyuma yako tangu siku ya harusi."

"Safari hii utasimama huku unatazama."

Alinifundisha sebuleni, sakafuni, yeye amepiga magoti na mimi nimepiga magoti, kama watoto wanaocheza gololi. Limau lilikuwa mpira. Redio, kule ukutani, ilikuwa bendera. Akanipa kijiko kiwe fimbo, akaniambia nimpange.

Nikafanya kama ambavyo nadhani kila mtu angefanya. Nikamshika kiuno, nikamgeuza mpaka magoti yake yakaitazama redio sawasawa, nikaridhika.

"Umenielekeza mimi kwenye bendera," akasema. "Mimi siendi. Anayekwenda ni mpira."

Basi akaanza upya, kwa sauti yake ya darasani. Kwanza nisimame nyuma ya mpira, niutazame mpira na bendera kwa pamoja. Bendera iko mbali, na kitu cha mbali hudanganya macho, kwa hiyo nitafute kitu kidogo kilicho karibu, hatua moja mbele ya mpira, kilichokaa kwenye mstari uleule: jani, kijiti kilichovunjika, doa la udongo. Hicho ndicho kiwe bendera yangu. Kisha niuweke uso wa fimbo, ule ubapa unaougonga mpira, ukitazame kile kitu, uso wa fimbo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Miguu yake ije mwisho.

"Fikiria barabara," akasema. "Mpira unapita ukingo mmoja, mimi nasimama ukingo wa pili. Kingo haziwahi kukutana. Ukiona miguu yangu inaitazama bendera, ujue umenitoa barabarani."

Nilirudia mpaka magoti yakaniuma. Alikuwa akipapasa kijiko, kisha magoti yake, kisha umbali kati ya limau na redio, anatikisa kichwa, ananiambia tena. Nilipopata, hakunisifu. Alikaa sakafuni akavuta pumzi ndefu, kisha akasema, "Leta mpira wa kweli."

Nyuma ya nyumba tulikuwa na uwanja mdogo wa kuanikia nguo. Nikatundika pazia zito la rangi ya damu ya mzee ambalo mteja alilikataa, akidai linamfanya aonekane mgonjwa kwenye picha. Nilimpanga, nikarudi kusimama mlangoni kwa jiko ili nisiwe njiani, na nikisema "haya," anapiga. Mpira ulilipiga pazia katikati, puu, ukaanguka. Tena katikati. Baada ya wiki kadhaa kitambaa kilianza kulika hapo katikati, duara la ukubwa wa sahani, na mimi niliyekuwa nikishona nusu ya mapazia ya mji huu sikuwahi kujivunia pazia kama nilivyolijivunia lile bovu.

Tukaona tuko tayari. Tukaenda uwanjani siku ya Jumatatu, siku ambayo klabu imefungwa na hakuna mtu isipokuwa wakata majani.

Mipira yote ikaenda kulia.

Wa kwanza tukausamehe. Wa pili ukaingia kwenye ua wa miiba. Uliofuata ukaingia humohumo, na uliofuata nao vilevile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mpira kwenye mstari, nimechagua jani langu, nimeuweka uso wa fimbo, nimeipanga miguu, najua kabisa kwamba kila kitu kiko sawa. Nikisema "haya," mpira unakwenda kulia.

"Niambie," anasema.

"Kulia."

"Kulia vipi?"

"Kwenye miiba, Mwalimu. Jana uani hukuhitaji kuuliza, pazia lilikujibu lenyewe."

Tulirudi nyumbani. Kesho yake, pale uani, katikati ya pazia. Jumatatu iliyofuata, miiba. Akaanza kusema mikono yake imezeeka. Nikaanza kudhani ni macho yangu, nikaenda kupimwa, nikaambiwa ni mazima.

Wakati huohuo nahodha wa klabu alipata habari. Nahodha alikuwa stesheni masta mstaafu, mtu mwenye saa ya mfukoni yenye mnyororo, ambaye inasemekana hata watoto wake walizaliwa kwa ratiba. Alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema moja kwa moja, jambo ambalo nilimheshimu kwalo.

"Mwalimu, sote tunataka urudi. Lakini Jumamosi vikundi vinafuatana. Kimoja kikichelewa, vyote vinachelewa, na watu wanaanza kununa. Kumpanga mtu kila mpira kunakula muda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi cheza mashimo yote tisa, wewe na mfamasia, na mama awe msaidizi wako. Msipowachelewesha walio nyuma yenu, Jumamosi ni yako kama zamani. Mkiwachelewesha, nitakupa Jumatatu. Jumatatu uwanja mzima utakuwa wako, hakuna atakayekusumbua."

Mwalimu akamshukuru, akamsindikiza mpaka getini, mkono wake ukiwa begani kwangu. Tuliporudi ndani hakukaa.

"Jumatatu ni siku ya mgonjwa," akasema. "Watu wazima wanaofanya kazi wako kazini, na mtu mmoja anasukumwa uwanjani apate hewa. Sitaki uwanja mzima. Nataka kugombana na mfamasia."

Sikumwambia kwamba kwa mipira inayokwenda miibani, Jumatatu yenyewe ilikuwa bahati. Kuitafuta tu kungetosha kuwakalisha walio nyuma yetu mpaka wasinzie.

Aliyetuokoa ni wifi yangu, na hakujua kwamba anaokoa mtu. Ni mdogo wake Mwalimu, mkunga, mwanamke ambaye sauti yake imezoea kushindana na watu wanaojifungua. Jumapili moja alikuja kunywa chai. Alikaa upande wa kulia wa kaka yake akawa anasimulia habari za wodini, na Mwalimu akawa amemgeukia, kikombe mkononi. Nikamuuliza kutoka upande wa kushoto kama anataka sukari. Akageuka kwangu, bega, kifua na kikombe, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. Wifi akamwita, akageuka tena kwake.

"Hebu mtazame huyu," wifi akasema huku anafuta meza. "Kaka siku hizi amekuwa feni ya mezani. Akisemeshwa huku, zii, mwili mzima. Akisemeshwa kule, zii. Zamani ulikuwa unatusikiliza huku umejificha nyuma ya gazeti."

"Zamani nilikuwa na macho ya kuwapa," Mwalimu akajibu. "Sasa nawapa kifua. Mtu akizungumza nawe, lazima ajue unamsikiliza."

"Na meza nayo lazima uipe chai?"

Walicheka wote wawili. Mimi niliweka buli chini.

"Mwalimu," nikasema, "inuka twende uani."

"Bado nakunywa."

"Hiyo chai imekwisha, iko mezani. Inuka."

Nikampanga mbele ya pazia kama kawaida: doa la udongo, uso wa fimbo, miguu. Lakini sikurudi mlangoni kwa jiko. Nilikwenda nikasimama pale ninaposimama uwanjani, upande wake wa kulia, nyuma ya mpira kwenye mstari, nikasema "haya." Nikaona kwa macho yangu. Bega la kushoto lilisogea kidogo sana, upana wa kidole, likaja upande wangu. Kifua kikafuata. Hakujua kama amegeuka. Akapiga, mpira ukalikosa pazia lote, ukapiga ndoo ya bati, kuku wa jirani wakatawanyika.

Mlango wa jiko ulikuwa mbele yake kabisa. Kwa miezi yote ile nilipokuwa nikimsemesha kutoka mlangoni hakuwa na haja ya kugeuka popote. Uwanjani nilikuwa nikimpanga vizuri, kisha namwita, naye, kwa adabu zake, ananigeukia.

Nilipomweleza, alikaza mikono kwenye fimbo.

"Basi nitajizuia," akasema.

Akajaribu. Nikasema "haya," bega likaja. Akajaribu tena amekaza shingo kama mtu anayenyolewa, bega likaja vilevile.

"Maisha yangu yote nimewaambia wanafunzi, mtu akizungumza mtazameni," akasema. "Sasa mwili umeshika somo, haulitoi."

"Basi kuanzia leo sisemi," nikamwambia.

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cha meza, akasema, "Hapo mmepata mtu sahihi. Huyu hata siku ya harusi aliitikia kwa kichwa tu. Ingekuwa mimi ndiye nakupanga, kaka, ungecheza Jumatatu mpaka kiyama."

Tukapatana hivi. Nikimaliza kumpanga, naweka mkono wangu begani kwake, lile bega la kulia. Mkono ukiwa pale, angoje. Mkono ukiondoka, kila kitu kiko sawa, na mimi nimenyamaza, na anaweza kupiga anapotaka. Mpira ukishakwenda ndipo anasema "niambie," nami namwambia. Tukafanya mazoezi hayo mpaka nikawa naota mabega.

Jumamosi ile alivaa kama mtu anayekwenda kusimamia mtihani. Suruali ina mkunjo ulionyooka, shati limechomekwa, viatu vinang'aa. Mimi nilivaa raba za wifi, zilizokuwa kubwa, nikajaza vitambaa mbele. Mfamasia alikuwa akitungoja, na alipomwona rafiki yake anakuja na mfuko wake wa fimbo begani, akageuka akajifanya anasafisha miwani.

"Umezeeka," Mwalimu akamwambia.

"Umejuaje, na huoni?"

"Nasikia magoti yako."

Na kugombana kukaanza. Waligombana kuhusu upepo, kuhusu fimbo ipi, kuhusu mpira ambao mfamasia anadai aliwahi kuupiga zamani na hakuna shahidi aliye hai. Lakini nikisogea nyuma ya mpira, mfamasia ananyamaza kabisa. Nilikuwa nimemwambia kuhusu kugeuka. Alishika adabu kuliko mtu aliye maktaba.

Mimi nilijifunza kuwahi. Mfamasia anapopiga, mimi tayari niko kwenye mpira wetu, natafuta jani. Mwalimu akifika, mkono wangu unampokea, fimbo inawekwa, miguu inapangwa, bega, mkono unaondoka. Puu. "Niambie." "Kati, chini chini, umevuka alama nyeupe, uko kwenye majani mafupi." Tunakwenda. Hakucheza kama zamani. Mmoja aliugonga juu ukajiviringisha kama chungwa lililoanguka kikapuni, mwingine ukaingia mchangani tukahangaika nao. Lakini hakuna uliokwenda kulia kwenye miiba, na nilipotazama nyuma, kikundi kilichotufuata kilikuwa bado kinatembea, hakijasimama kutungoja. Nilimtazama alivyokuwa akitembea, mkono wake begani kwangu lakini kichwa juu, hanifuati, tunakwenda pamoja. Kuna wakati nilitamani watu wote niliowahi kuwashonea mapazia wafungue madirisha yao wamwone.

Shimo la tisa linapigwa kutoka kwenye kilima kidogo. Mbele kuna bonde lenye maji na matete, na ng'ambo yake kuna uwanda mdogo wa majani mafupi wenye bendera, umebanwa na msonobari mmoja upande wa kushoto na shimo la mchanga upande wa kulia. Ni mpira mmoja tu, kutoka kilimani mpaka ng'ambo. Ukizama, unaanza upya, na kuanza upya ndiko kunakokula muda.

Hapo ndipo kikundi cha nyuma kilipotufikia. Walisimama chini ya kilima, wamekunja mikono. Nahodha naye alikuwa amekuja kutoka klabuni, saa yake iko kiganjani, imefunguliwa.

Mfamasia alipiga, akavuka. Nikasimama nyuma ya mpira wetu. Nilichagua jani dogo la njano lililokuwa hatua moja mbele. Nikauweka uso wa fimbo, nikaipanga miguu, nikaweka mkono begani, nikatazama mara ya mwisho jani, bendera, jani. Vilikuwa kwenye mstari mmoja kama uzi uliovutwa.

"Mwalimu," nahodha akasema kutoka upande wa kulia, kwa upole kabisa, "la mwisho hilo. Tuko pamoja nawe."

Bega likasogea chini ya kiganja changu.

Kidogo sana. Asiyekuwa na mkono pale asingejua. Yeye mwenyewe hakujua. Aliinamisha kichwa kumshukuru nahodha, akakaza vidole kwenye fimbo, akangoja mkono wangu uondoke.

Nilijua kwamba nikiuondoa, mpira unakwenda kulia, mchangani au majini. Nilijua pia kwamba nikimpanga upya, ni mbele ya saa iliyofunguliwa na watu waliokunja mikono. Na kumwambia siwezi, kwa sababu nikifungua mdomo atageuka zaidi. Mmoja wa wale wa chini akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Mfamasia alikuwa akinitazama, macho yamemtoka.

Sikuuondoa mkono. Nilimvuta bega nyuma, polepole, mpaka akatoka kwenye mpira. Hatukuwahi kupatana ishara ya kuanza upya, maana hatukuwahi kudhani tutaihitaji. Lakini hakuuliza. Alisimama wima, fimbo imesimama mbele yake, uso umetulia, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe na ana hakika kwamba aliye ndani amesikia hodi. Mbele ya watu wote wale, na Jumamosi zake zote ziko kwenye ile saa, hakuuliza kwa nini. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kupewa heshima iliyozidi ile.

Nikarudi nyuma ya mpira. Jani langu lilikuwa limepeperushwa. Nikatazama chini bila haraka, nikaona kipande cha kijiti kilichovunjika, cheupe, kimejichomeka kwenye mstari. Nikauweka uso wa fimbo, kwanza. Nikamleta, nikaipanga miguu, ukingo wa pili wa barabara. Nikaweka mkono. Kisha nikageuza uso, nikamtazama nahodha, nikaweka kidole mdomoni.

Stesheni masta akafumba mdomo.

Nikauondoa mkono.

Sauti ilikuwa ile ya uani, ile ya katikati ya pazia, lakini hapa hapakuwa na pazia, mpira ukaendelea.

"Niambie," akasema.

"Umenyooka," nikamwambia. "Uko juu ya matete. Bado uko juu. Unapita kulia kwa msonobari, karibu nao, kivuli chake kimeugusa. Umeshuka. Umedunda kwenye majani mafupi, unajiviringisha. Unasimama. Umesimama. Bendera iko kushoto kwako, mbali kidogo. Utaifikia kwa mipigo miwili."

"Mmoja," akasema.

Alitumia miwili. Tulipotoka kwenye lile shimo nahodha alikuwa ametuzungukia, anatungoja. Mfamasia alianza kusema kitu, nahodha akainua mkono.

"Mlikwenda vizuri mpaka pale kilimani," akasema. "Pale watu walisimama. Mama, mbona ulimtoa kwenye mpira?"

Mimi si mzungumzaji. Kwenye vikao vya familia hukaa karibu na mlango. Lakini niliulizwa mimi, na jibu lilikuwa langu.

"Nilikuwa nimeshampanga," nikasema. "Ukamsemesha. Mume wangu akisemeshwa humgeukia mtu, hawezi kujizuia, ndivyo alivyo. Bega lilisogea. Nisingemwacha aupige mpira ule nikijua hajakaa sawa."

Wale wa nyuma nao walikuwa wamefika. Nahodha akaitazama saa yake, akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa amemgeukia kwa kifua chote, anamsikiliza.

"Basi hizo dakika ni zangu," nahodha akasema, akaifunga saa. "Jumamosi ijayo msichelewe kufika. Sisubiri mtu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mwalimu alitaka nimwambie ule mpira. Nikamwambia. Tulipofika akamwita wifi yangu, akanikalisha, akaniambia nimweleze na yeye. Nikieleza, ananikatiza. "Umesahau matete." "Sijasahau, naja." "Na kivuli. Kivuli kiliugusa." Wifi akasema kama ni hivyo asimulie yeye mwenyewe, mbona anajua kuliko mwenye macho. "Mimi sikuwepo," Mwalimu akamwambia. "Mimi nilikuwa kwenye mpira. Aliyekuwepo ni huyu."

Alicheza Jumamosi zake mpaka moyo ulipomchosha. Aliugua muda mfupi, akaenda. Sina mengi ya kuandika kuhusu siku hizo.

Watu walijaa nyumbani. Wale waliokuja kunipa pole waliniwekea mkono begani, mmoja baada ya mwingine, na kila mkono ulipoondoka nilikuwa kama nangoja kitu. Jioni wanaume wa klabu walikaa sebuleni, na mfamasia, macho mekundu, akaanza kuwasimulia wasiomjua Mwalimu ule mpira wa shimo la tisa. Alisimulia vizuri. Lakini akasema ulipita kushoto kwa msonobari.

"Sivyo," nikasema kutoka pale karibu na mlango.

Wote wakageuka. Wifi yangu, ambaye hajawahi kumwachia mtu nafasi ya kusema, akawatazama waliokuwa wakinong'ona mpaka wakanyamaza. Nikasimama. Nikawaambia jani la njano lilivyopeperuka, na kijiti cheupe, na bega, na jinsi alivyosimama bila kuuliza. Nikawaambia matete. Nikawaambia kulia kwa msonobari, karibu nao, na kivuli kiliugusa. Sikuharakisha, na hakuna aliyenikatiza.